Kuiga mtiririko wa damu kwenye anurizimu ya ubongo iliyojazwa koili: mwongozo kamili kwa mwenye laptopu moja

Faili ninazoletewa na wanafunzi wa uhandisi wa tiba hapa Nairobi hukwama mahali palepale. Picha zinafunguka vizuri, mshipa unachorwa, kompyuta inakesha ikipiga hesabu, halafu asubuhi majibu hayana kichwa wala miguu. Mmoja anapata damu isiyosogea. Mwingine amejaza anurizimu koili, lakini damu inazunguka ndani yake kana kwamba daktari hakugusa kitu.

Sababu zake ni chache, na zote zinazuilika. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ukitaka kujua matibabu yamebadilisha nini, unaiga mshipa uleule mara mbili, bila koili na ukiwa na koili, na kila kitu kingine kinabaki vilevile. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo inayoaminika. Namba ya upande mmoja peke yake inategemea mno makisio yako.

Nachukulia kwamba unajua anurizimu ni ukuta wa ateri uliolegea ukatuna mfano wa puto, na kwamba koili ni waya mwembamba wa platinamu unaosukumwa ndani ya kifuko hicho ili damu ipungue kasi na kuganda. Stenti za kugeuza mkondo, yaani mirija iliyosukwa kwa nyuzi za chuma inayokaa ndani ya ateri na kuipitisha damu kando ya anurizimu, nimezigusa mwishoni.

## Andaa hivi kwanza

Kompyuta. RAM ya GB 16, prosesa yenye viini vinne halisi, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Laptopu za "ex-UK" zinazouzwa katikati ya jiji zinatosha kabisa. GB 8 itaanza kazi, lakini ukifika kwenye meshi (mshipa uliokatwakatwa kuwa seli ndogo za kupigia hesabu) utajuta.

Programu. Zote ni za bure: Ubuntu (au WSL ndani ya Windows), 3D Slicer pamoja na kiendelezi chake cha SlicerVMTK (za kuchora mshipa), MeshLab (ya kurekebisha umbo), OpenFOAM (ya kupiga hesabu za mtiririko) na ParaView (ya kutazama majibu). Zipakue ukiwa chuoni kwenye eduroam, si kwa bando la simu. OpenFOAM ina matawi mawili makuu yanayoandika amri kwa namna tofauti. Amri za humu ni za tawi la openfoam.com, kwa hiyo usichanganye na mafunzo ya tawi lingine.

Picha za kabla ya matibabu. Anjiografia (picha ya eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa) ya kuzunguka ya 3D ndiyo bora. Ikikosekana, CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, vipande vyake visizidi milimita 0.6. Kama huna mgonjwa, hazina ya AneuriskWeb ina maumbo ya anurizimu yaliyokwisha chorwa, na ni huru kwa matumizi yasiyo ya biashara. Anza na hayo.

Orodha ya koili zilizowekwa. Kipenyo cha waya na urefu wa kila koili. Taarifa hii iko kwenye ripoti ya matibabu, na bila hiyo hatua ya 7 inakuwa ramli.

Kibali. Picha za mgonjwa wa hapa zinahitaji ruhusa ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Futa jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa ndani ya faili za DICOM (muundo wa picha za hospitali) kabla hazijaingia kwenye laptopu yako, na uangalie pia maandishi yaliyochapwa juu ya picha yenyewe. Hayo hayafutiki kwa kubadilisha lebo.

## Hatua ya 1: Jaribu bomba nyoofu kabla ya mgonjwa

Karibu kila mtu anairuka hatua hii, na ndiyo ingemwokolea wiki nzima.

Tengeneza bomba la kipenyo cha milimita 4 na urefu wa milimita 200. Pitisha damu kwa kiasi kisichobadilika cha mililita 4.5 kwa sekunde, yaani 4.5e-6 m³/s, kiasi kinachokaribiana na cha ateri ya karotidi ya ndani ya mtu mzima. Weka densiti ya 1060 kg/m³ na mnato wa 0.0035 Pa·s. OpenFOAM inataka mnato uliogawanywa kwa densiti, kwa hiyo andika `nu` kuwa 3.3e-6.

Majibu unayajua hata kabla ya kukimbiza. Kasi ya wastani ni kama 0.36 m/s. Namba ya Reynolds ni karibu 430, kwa hiyo mtiririko ni tulivu na huhitaji modeli ya msukosuko. Kwa kanuni ya Poiseuille, mkazo wa msuguano ukutani ni 2.5 Pa, na shinikizo linashuka kwa Pa 150 kila milimita 60.

Pima kwenye milimita 60 za mwisho tu. Damu ikiingia na kasi iliyo sawa kote, kwa mtiririko huu inahitaji kama milimita 100 kabla haijajipanga.

Onyo. Programu za OpenFOAM za mtiririko usiobanika hutoa shinikizo na mkazo ukiwa umegawanywa kwa densiti. Ukiona mkazo ukutani ni 0.0024, hujakosea. Zidisha kwa 1060 upate 2.5 Pa. Huu ndio mtego wa "mkazo mdogo mara elfu" ambao umewafanya watu waandike kwamba ukuta wa anurizimu hauguswi na damu.

Umefaulu ikiwa namba zako zinatofautiana na za mkono kwa asilimia 2 au 3 tu. Zikizidi hapo usisonge mbele. Kosa lililo kwenye bomba litakuwa kwenye mshipa pia, isipokuwa huko hutaliona.

## Hatua ya 2: Chora mshipa kwa picha za kabla ya koili

Wengi huleta picha za baada ya matibabu kwa sababu "ndiyo anurizimu iliyotibiwa". Platinamu hurusha miale na vivuli kwenye CT, na mahali pa shingo, yaani mdomo ambapo kifuko kinaungana na ateri, ambapo ndipo pa muhimu zaidi, panageuka ukungu. Huwezi kuchora usichokiona. Umbo unalitoa kwenye picha za kabla, koili unaziweka wewe kwa hesabu.

Fungua Segment Editor ndani ya 3D Slicer, tumia Threshold kuchagua mishipa, kisha Islands kuondoa mifupa na vipande vilivyotengana. Kwa Scissors kata eneo lako: bakiza mikunjo ya ateri mama (ile iliyoota anurizimu) kabla ya anurizimu kadiri picha inavyoruhusu, maana mikunjo hiyo ndiyo inayoamua damu itaingia shingoni kwa pembe gani.

Kiwango cha Threshold si jambo dogo. Mkazo ukutani hubadilika kinyume na nusu kipenyo × nusu kipenyo × nusu kipenyo. Ukichora ateri ikiwa nyembamba kwa asilimia 10, mkazo unapanda kwa asilimia 37. Chagua kiwango, pima kipenyo cha ateri sehemu mbili au tatu, linganisha na vipimo vya mtaalamu wa radiolojia, ndipo ukikubali. Kiandike. Wakati wa kulainisha, angalia shingo isipanuke na visiunganike vishipa vilivyokaribiana bila kugusana.

Umefaulu ikiwa mtaalamu wa radiolojia akiangalia umbo lako la 3D anaitambua anurizimu ya mgonjwa bila wewe kumwelekeza.

## Hatua ya 3: Safisha umbo na ubadilishe vipimo

Kwa SlicerVMTK au VMTK yenyewe, kata ncha za mishipa ziwe bapa na zisimame wima kwenye mstari wa kati, kisha ongeza mirija nyoofu kwenye kila ncha. Kwa mlango wa kuingilia weka urefu wa vipenyo 10. Kwa milango ya kutokea vitano vinatosha. Bila mirija hii damu inayorudi nyuma kwenye mlango wa kutokea inaweza kulipua hesabu.

Kata pia kifuko cha anurizimu shingoni na ukihifadhi kama STL (faili ya uso wa umbo la 3D) ya pekee, iliyofungwa pande zote. Utaihitaji hatua ya 7. Usikate kwa macho tu. Zungusha umbo, tafuta mahali ateri mama ingepita kama anurizimu isingekuwepo, na ukate hapo.

Sasa vipimo. 3D Slicer inaandika STL kwa milimita, OpenFOAM inasoma mita. Usipobadilisha, umeunda ateri yenye kipenyo cha mita 4, na mililita 4.5 kwa sekunde zikiingia humo hakuna kitu kitakachoonekana kusogea. Ndiye yule mwenye damu isiyosogea.

```
surfaceTransformPoints -scale 0.001 mshipa_mm.stl mshipa.stl
surfaceCheck mshipa.stl
```

Fanya hivyohivyo kwa STL ya kifuko.

Umefaulu ikiwa `surfaceCheck` inasema uso umefungwa na ukubwa wa kisanduku chake ni kama 0.05 au 0.1, si 50 au 100.

## Hatua ya 4: Meshi

Tumia snappyHexMesh, programu ya OpenFOAM ya kutengeneza meshi. Anza na seli za milimita 0.2 kwenye ateri na 0.1 ndani ya kifuko na shingoni, na tabaka tatu hadi tano nyembamba kando ya ukuta. Tabaka hizo ni za lazima kwa sababu mkazo ukutani unatokana na jinsi kasi inavyobadilika hapohapo ukutani. Kwa anurizimu ya ukubwa wa kawaida utapata kati ya seli laki tatu na milioni moja, na laptopu yako inaziweza.

Endesha `checkMesh`. Pembe ya kutokuwa wima (non-orthogonality) isizidi 70, na mpindo (skewness) usizidi 4. Kisha fungua ParaView ukaangalie shingo kwa macho yako. `checkMesh` haijui kwamba umepoteza kishipa cha pembeni.

Baadaye utatengeneza meshi nyingine mbili, moja pana zaidi (yenye seli kubwa) na moja finyu zaidi (yenye seli ndogo). Kama wastani wa mkazo kifukoni unabadilika kwa zaidi ya asilimia 5 kati ya meshi ya katikati na ile finyu, ya katikati haitoshi.

## Hatua ya 5: Damu, mlango wa kuingilia na milango ya kutokea

Mlango wa kuingilia. Kama mgonjwa alipimwa kasi ya damu kwa Doppler au kwa MRI, tumia vipimo vyake. Mara nyingi hakupimwa. Basi chukua wimbi la mpigo lililochapishwa la karotidi ya ndani na ulipime upya, wastani wake uwe kati ya mililita 250 na 275 kwa dakika, na mpigo wa sekunde 0.8 hadi 1. Sharti la `flowRateInletVelocity` linapokea jedwali la muda na kiasi.

Makisio haya hayadhuru sana *mradi* wimbi ni lilelile kabla na baada. Nimeona kazi ambapo hali ya kabla ilitumia mtiririko usiobadilika na ya baada ikatumia mpigo, halafu mwandishi akazisifu koili kwa tofauti iliyoletwa na mlango.

Milango ya kutokea. Ukiweka shinikizo la sifuri kwenye milango yote miwili, mgawanyo wa damu unaamuliwa na urefu wa vishipa ulivyobahatika kuvikata. Gawanya kwa kipenyo × kipenyo × kipenyo. Mfano: ateri ya kati ya ubongo ina milimita 2.6, ya mbele 2.1. Majibu yake ni 17.6 na 9.3, kwa hiyo ya kati inapata karibu asilimia 65 na ya mbele 35. Weka `flowRateOutletVelocity` kwenye mlango mmoja na shinikizo sifuri kwenye ule mwingine.

Mnato. Damu huwa nzito inapokwenda polepole, na modeli ya `BirdCarreau` inalijua hilo. Hata hivyo nakushauri uanze na mnato usiobadilika kwa hali zote mbili. Ndani ya koili, damu inapenya kwenye vitundu ambavyo meshi yako haivioni. Modeli itadhani damu imetulia kabisa na kuizidishia uzito kupita kiasi, ilhali ndani ya vitundu inasuguana na waya.

Ukuta. Usiosogea, kasi sifuri.

## Hatua ya 6: Kimbiza hali ya kabla ya matibabu

Tumia `pimpleFoam`, mojawapo ya programu za OpenFOAM za kupiga hesabu, na kwenye `turbulenceProperties` andika `laminar`. Usitumie `icoFoam` hata kama mafunzo mengi yanaanza nayo. Sababu utaiona hatua ya 7.

Hatua ya muda: damu ya 0.8 m/s kwenye seli ya milimita 0.1 inavuka seli kwa sekunde 0.000125. Anza na hapo ili namba ya Courant (idadi ya seli ambazo damu inavuka kwa hatua moja) ibaki chini ya 1. Mpigo mmoja wa sekunde moja ni hatua 8,000. Kimbiza mipigo mitatu na utumie wa mwisho. Ule wa kwanza bado una kumbukumbu ya hali bandia uliyoanza nayo.

```
decomposePar
mpirun -np 4 pimpleFoam -parallel > kumbukumbu.txt &
```

Stima ikikatika saa nane za usiku, usianze upya. Kwenye `controlDict` weka `startFrom latestTime`, na uandike matokeo kila sekunde 0.05 ya uigaji. Funga programu zingine zote, zima usingizi wa kompyuta, na usiiweke juu ya kitanda maana joto litaipunguza kasi.

Umefaulu ikiwa mpigo wa pili na wa tatu wanafanana, damu inayoingia ni sawa na inayotoka, na shinikizo kati ya mlango na mlango linapungua kwa mmHg chache tu. Mmoja wa mmHg ni Pa 133. Ukipata mamia ya mmHg kwenye ateri isiyo na mahali palipobanwa, kuna kosa.

## Hatua ya 7: Weka koili

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kuchora kila mzingo wa waya wa robo milimita kunawezekana kwenye kompyuta kubwa. Kwenye laptopu tunafanya jambo jingine: kifuko kizima kinakuwa ukanda wenye vitundu vinavyoipinga damu. Bunda la koili linafanana na waya wa kusugulia sufuria: maji yanapita, ila kwa shida, na shida hiyo inahesabika.

Kwanza, ujazo. Ujazo wa koili ni eneo la mviringo wa waya mara urefu wote. Chukua kifuko cha duara la milimita 7: ujazo wake ni karibu milimita za ujazo 180. Waya wa milimita 0.254 una eneo la 0.0507. Koili zenye jumla ya urefu wa sentimita 85 zina milimita za ujazo 43, sawa na asilimia 24 ya kifuko. Wanaotibu hulenga asilimia 20 hadi 25 na kuendelea. Ukipata asilimia 60, umekosea kipenyo au umejumlisha koili iliyotolewa nje. Ujazo wa kifuko chako upime kwenye STL, usitumie kanuni ya duara.

Pili, upinzani. Nafasi wazi, tuiite ε, ni 1 kutoa 0.24, yaani 0.76. Kwa kanuni ya Kozeny na Carman kwa waya wa mviringo wenye kipenyo d₀:

K = ε³ d₀² / (80 (1 − ε)²)

Ukiweka 0.76 na mita 0.000254, K ni kama 6.1e-9 m². OpenFOAM inataka 1/K, nayo ni 1.6e8. Hicho ndicho kipengele `d`. Kipengele cha pili, `f`, kinashughulikia upinzani unaokua kwa kasi mara kasi. Kwa kanuni ya Ergun kinatoka karibu 5e3. Usikiache sifuri: shingoni, damu ikiingia kwa 0.05 m/s, kinachangia kama moja ya tano ya upinzani wote.

Tatu, ukanda. Kwa `topoSet` na STL ya kifuko, kusanya seli zilizo ndani uziite `kifuko`. Kwenye faili `constant/fvOptions` weka `explicitPorositySource` ya aina ya `DarcyForchheimer` juu ya ukanda huo:

```
d   (1.6e8 1.6e8 1.6e8);
f   (5e3 5e3 5e3);
```

Onyo kubwa. `icoFoam` haisomi `fvOptions`. Haitalalamika. Itakupa majibu ya anurizimu isiyotibiwa, na wewe utaandika kwamba koili hazikusaidia. Hata ukitumia `pimpleFoam`, fungua `kumbukumbu.txt` uone mwanzoni kama imetaja ukanda wako na idadi ya seli zake. Seli sifuri maana yake STL ya kifuko bado iko kwa milimita.

Jaribio la bomba tena. Rudi kwenye bomba la hatua ya 1, jaza milimita 5 za urefu wake ukanda huo, na upitishe damu kwa 0.05 m/s, yaani mililita 0.63 kwa sekunde. Hesabu ya mkono: 0.0035 × 1.6e8 × 0.05 ni 28,000. Nusu ya 1060 × 5,000 × 0.0025 ni 6,625. Jumlisha, zidisha kwa 0.005: Pa 173. Bomba likikupa namba iliyo karibu na hiyo, nenda kwa mgonjwa.

Kama anjiografia ya baada ya matibabu inaonyesha koili hazikufika shingoni, usizifikishe wewe. Punguza STL ya kifuko, mabaki ya shingo yabaki wazi, na ujazo wa koili uugawanye kwa kifuko kilichopunguzwa. Hapo ndipo wagonjwa hutofautiana. Mkondo unaoendelea kugonga mabaki hayo ndio unaohusishwa na koili kubanwa na anurizimu kufunguka upya.

Kasoro ya njia hii ni kwamba inadhani koili zimesambaa sawasawa. Kwa kweli hujazana pembeni na kuacha mapengo katikati. Kimbiza tena kwa asilimia 18 na 30 uone majibu yanayumba kiasi gani. Hilo likupe ujasiri au likupunguzie.

## Hatua ya 8: Soma majibu

Toa mkazo ukutani kwa amri hii, kisha zidisha kwa 1060:

```
pimpleFoam -postProcess -func wallShearStress -latestTime
```

Pima vitu vitatu kabla na baada: kiasi cha damu kinachoingia shingoni, wastani wa kasi kifukoni, na muda wa damu kubadilishwa kifukoni. Kwa kiasi kinachoingia, kata bapa shingoni kwa ParaView na ujumlishe kasi inayoelekea ndani *tu*. Ukijumlisha yote utapata sifuri, kwa sababu kinachoingia kinatoka hapohapo.

Mfano wa kuhesabu muda: kifuko cha mililita 0.18 kinachopokea mililita 0.6 kwa sekunde hubadilisha damu kila sekunde 0.3. Baada ya koili tuseme kinapokea 0.1. Usigawanye 0.18 kwa 0.1, kwa kuwa robo ya nafasi sasa ni platinamu. Ni 0.18 × 0.76 / 0.1, karibu sekunde 1.4.

Mambo matatu huwapotosha watu hapa. Kasi unayoiona ndani ya ukanda ni ya wastani wa nafasi nzima. Damu yenyewe inakwenda kasi zaidi, igawanye kwa ε. Mkazo kwenye ukuta ulio nyuma ya koili usiuandike kama kipimo, maana modeli haijui waya uko wapi. Wa kuutazama ni mkazo wa shingoni na kwenye ateri mama. Na usitafute kushuka kwa shinikizo kifukoni. Shinikizo la anurizimu iliyojazwa koili hubaki karibu sawa na la ateri mama. Kinachopungua ni mtiririko.

## Kama tiba ilikuwa stenti ya kugeuza mkondo

Kazi hii ni ngumu zaidi. Stenti ya Pipeline imesukwa kwa nyuzi 48, kila moja ikiwa na unene wa kama maikromita 30, na chuma hufunika asilimia 30 hadi 35 ya uso. Kuzichora nyuzi kunataka seli za maikromita 10, ambazo kwenye shingo pana ni makumi ya mamilioni. Omba nafasi kwenye kompyuta kubwa kupitia chuo chako.

Kwenye laptopu, tengeneza utando mwembamba wenye vitundu unaofuata ukuta wa ateri mama na kuziba shingo. Usipite katikati ya ateri. Kama utando unapita juu ya mdomo wa ateri ya jicho, ufunike mdomo huo pia, kwa sababu stenti halisi inaufunika. Kwenye mkunjo nyuzi hutanuka upande wa nje na kubanana upande wa ndani, kwa hiyo upinzani mmoja kwa shingo nzima ni makisio ya juujuu.

## Unapoandika ripoti

Linganisha na anjiografia ya ufuatiliaji kama ipo, ukitumia daraja la Raymond-Roy: la kwanza ni kuziba kabisa, la pili mabaki ya shingo, la tatu mabaki ya kifuko. Mgonjwa mmoja hathibitishi lolote, lakini mkondo wako ukigonga upande ambao picha zinaonyesha damu imeganda imara, rudi hatua ya 2 na ya 5.

Taja chanzo cha wimbi, wastani wa mtiririko, mgawanyo wa milango, mnato, idadi ya seli za meshi zote tatu, ujazo wa koili, `d` na `f`. Eleza waziwazi kwamba ukuta haukusogea na kwamba koili ziligawanywa sawasawa. Na uandike kwamba matokeo si ya kuamulia matibabu ya mgonjwa yeyote, kwa sababu daktari mwenye haraka anaweza kuziona rangi nyekundu na buluu za ParaView na kuzichukulia kama kipimo cha maabara.